Pangaboi likizunguka kwa uvivu, usikimbilie kusuka koili

Kaskazi ikishaingia, joto la Disemba mpaka Machi halimpi mtu usingizi bila ya upepo, na hapo ndipo mapangaboi yanapoonesha maradhi yao. Lile lililokuwa likipeperusha mapazia sasa linazunguka hata mabawa unaweza kuyahesabu. Fundi akiitwa, mara nyingi jawabu ni moja: koili imekufa, isukwe upya au ununue jingine.

Koili huungua, ni kweli. Lakini iliyoungua hunuka vanishi, au huangusha swichi ya njia, au pangaboi halitikisiki kabisa. Linalozunguka polepole huku likinguruma, na halina harufu yoyote, aghalabu limechokewa na kapasita tu: kidude cha ukubwa wa kibiriti, ambacho bei yake haikaribii hata kidogo bei ya kusuka koili.

Kabla ya kufungua kitu, fanya majaribio mawili. La kwanza, zima umeme na ulisukume bawa kwa mkono. Pangaboi zima huendelea kuzunguka kwa muda, kisha likasimama taratibu. Likisimama papo hapo, au ukasikia mkwaruzo, shida iko kwenye beringi. La pili, washa kwa kasi ya mwisho. Likinguruma bila ya kuondoka, lisukume kidogo kwa mpini wa ufagio, ukiwa umesimama pembeni. Likishika mwendo kuelekea upande wowote unaolisukumia, kapasita imekwisha.

Sababu yake ni hii. Mota ya pangaboi ina koili mbili. Umeme wetu wa volti 230 ukipita kwenye koili moja peke yake, hutetemesha mota bila ya kuipa upande wa kwenda. Kapasita huufanya umeme wa koili ya pili upishane na ule wa kwanza, na mpishano huo ndio unaosukuma mabawa. Kazi hiyo haiishii kwenye kuanza. Inaendelea muda wote pangaboi likiwa linazunguka, na ndiyo maana kapasita iliyonyong'onyea huonekana kwenye mwendo.

Inanyong'onyea kwa nini? Ndani mna ukanda wa plastiki uliopakwa madini membamba mno. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, nukta ndogo ya madini hayo huungua na kutoweka. Kapasita haifi siku hiyo, ila imepungua. Ongeza joto la darini, tena unyevu unaopenya taratibu na kuyala madini yenyewe, na baada ya miaka kadhaa mapangaboi yote ya nyumba moja huweza kuchoka karibu pamoja, kwa sababu yalinunuliwa pamoja.

Ukitaka kuibadilisha, zima mein swichi. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu katika nyumba zilizofungwa waya ovyo swichi huweza kukata waya wa nyutro na kuuacha wa moto ukiwa hai juu. Hakikisha kwa testa. Panda ngazi iliyosimama imara na uwe na mtu wa kuishika. Teremsha kikombe cha plastiki kinachofunika waya. Kapasita imo humo, au imo kwenye kikombe cha chini. Zigusanishe ncha zake mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili imalize umeme uliobaki ndani, kisha piga picha ya waya kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Soma maandishi ya ubavuni. Kapasita ya pangaboi la kawaida huwa na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) 2.5, volti 400 au 450; lakini yapo mapangaboi ya 3.15 na zaidi, kwa hiyo fuata ya zamani, si mazoea. Ukiwa na mita ya kupimia kapasita, ya 2.5 nzima husoma baina ya 2.4 na 2.6. Ikisoma 2.2, utauona uvivu. Ikiwa chini ya 2, itupe.

Hapa lipo kosa moja linaloua mapangaboi mengi. Mtu anataka upepo zaidi, anafungiwa kapasita ya 4 badala ya 2.5. Siku za mwanzo kweli mwendo huongezeka, lakini ile koili ya pili sasa inapitisha umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Inapata joto usiku kucha, vanishi inakauka na kupasuka, na hapo ndipo koili inapoungua kweli. Ukipewa kubwa dukani kwa hoja kwamba za 2.5 zimekwisha, subiri, au tafuta duka jingine. Volti zikizidi hapana neno, zikipungua usinunue.

Kapasita hii haina upande, waya wowote uende popote kati ya ncha zake mbili. Tazama shaba ya waya kabla ya kuunga. Ikiwa na ukijani au weusi, kata nyuma mpaka ukutie shaba inayong'aa. Kiungo kilichofungwa juu ya kutu hupata moto na kuyeyusha konekta. Ikiwa picha imepotea na rangi za waya zinakuchanganya, pima ukinzani baina ya waya tatu za mota, wawili wawili. Wawili wanaotoa kipimo kikubwa kuliko vyote ndio ncha za koili, na kapasita hukaa baina yao. Aliyebaki ni waya wa pamoja. Pangaboi likipuliza juu badala ya chini, hamisha waya wa moto kutoka ncha moja ya kapasita kwenda ya pili.

Beringi zina kazi zaidi, kwa sababu pangaboi lazima lishuke. Mengi hutumia 6201 na 6202, namba zimechapwa kwenye beringi yenyewe. Zenye kifuniko cha mpira, zinazoandikwa 2RS, zinafaa zaidi visiwani kuliko zenye kifuniko cha bati, ZZ, kwa vile hewa ya chumvi haipenyi kirahisi. Unapoiingiza kwenye shafti, gonga pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo. Ukigonga pete ya nje, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuzitia vishimo. Beringi mpya itaanza kunguruma wiki hiyo hiyo na utamlaumu mwenye duka bure.

Usitie mafuta ya nazi. Yapo kila jiko la Unguja na Pemba, ndiyo maana watu huyatumia, lakini yakikaa na vumbi hugeuka gundi. Ile dawa ya kupuliza ya kulainishia kutu nayo huosha grisi iliyokuwemo, kelele ikanyamaza siku chache na kurudi kubwa zaidi. Bushi za feni ya meza, zinazokaa mahali pa beringi, zinataka mafuta mepesi ya cherehani, matone mawili au matatu kwenye kile kisufi kinachozunguka bushi, basi.

Sasa chumvi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa kila kitu cha umeme kwetu. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75, na pwani zetu hufika hapo usiku mara nyingi. Vumbi la juu ya mabawa likichanganyika nayo huwa tope jembamba lisilokauka, linalokula rangi, skrubu na waya. Kitambaa kikavu hulisogeza tu, chumvi inabaki. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa maji baridi, suuza, futa tena, kisha kausha. Nyumba za Nungwi, Paje au Jambiani zinazoliangalia bahari zinahitaji hivyo kila wiki mbili; ndani zaidi, mara moja kwa mwezi. Maji ya kisima kilicho karibu na ufuko huwa na chumvi, kwa hivyo tumia ya mvua au ya bomba.

Ukiwa juu ya ngazi, litazame na lililolishika pangaboi. Lina uzito wa kilo nne au tano na linatikisika saa zote. Kulabu iliyopigwa kwenye boriti za nyumba za Mji Mkongwe, au iliyomwagiwa zege, huliwa na kutu pale inapoingia darini, mahali ambapo hapaonekani kutoka chini. Ikwangue kwa bisibisi. Ikidondoka magamba na kuacha chuma chembamba, usilirudishe pangaboi hapo. Pini ya kukunja inayozuia boliti ya bomba linaloning'iniza pangaboi isitumike mara mbili. Nunua ya chuma kisichoshika kutu.

Likiyumba, pima kwa rula kutoka darini hadi ncha ya kila bawa. Tofauti ikizidi milimita tatu, kuna bawa au mkono wake uliopinda. Zikilingana na bado linayumba, bandika sarafu kwa tepu juu ya bawa moja moja mpaka upate linalotulia. Mabawa ya seti moja yasichanganywe na ya nyingine, hata yakifanana.

Rigyuleta, ile ya kubadilishia mwendo, si ya kutengeneza. Pangaboi likienda namba ya mwisho tu na namba nyingine hazifanyi kazi, badilisha.

Feni ya meza iliyokufa ghafla, kwanza fungua plagi yake ya pini tatu. Fyuzi iliyomo mara nyingi ni ya ampea 13, ilhali feni haitumii hata nusu ampea. Weka ya 3, ili waya ukipata hitilafu fyuzi iondoke kabla ya waya kushika moto. Ikiwa fyuzi nzima, ndani ya koili kuna fyuzi nyingine ndogo ya joto. Iliyokatika mara nyingi imeuliwa na bushi kavu iliyoilemea mota, kwa hiyo safisha bushi kwanza, na ufunge nyingine yenye nyuzijoto zile zile zilizoandikwa. Usiiunge kwa kipande cha waya. Ukitia risasi, ibane mguu wake kwa plaisi ili joto la pasi lisiikate papo hapo.

Na kwa mitumba inayoshuka bandarini: vitu vya Uingereza vinaingia kwenye umeme wetu na plagi zetu moja kwa moja. Vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kikiandikwa 100V, kinataka transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi wati za kifaa, na ukikichomeka hivi hivi ukutani koili itaungua mara moja.