Maneno kwanza, kiputo baadaye

Watoto wakichora katuni, maneno kwanza, mwalimu; kiputo, yaani duara linalobeba maneno ya mhusika, huchorwa baadaye kuyazunguka. Mtoto akianza na kiputo, nafasi humwishia: herufi zinabanana ukingoni, naye anaikata sentensi aliyokuwa ameshaifikiria vizuri. Aandike kwa penseli sehemu ya juu ndani ya kisanduku cha picha, maneno yasizidi kumi hivi, azungushie mstari, kisha avute mkia uelekee pale utakapokuwa mdomo wa msemaji, bila kugusa uso. Wahusika ndio wa mwisho kuchorwa, chini ya viputo.

Anayesema kwanza akae kushoto. Mchukuzi anasema “Twende!”, na punda aliye kulia anajibu “Sitoki, mzigo mzito!” Wakigeuzwa, punda atasomwa akijibu kabla ya kuambiwa. Hili huwapata sana watoto wetu wa Lamu wanaosoma chuoni, yaani madrasa, maana mkono umeshazoea kuanzia kulia kwa Kiarabu. Si kosa la akili hata kidogo. Mwekee nambari 1 na 2 pembeni mwa visanduku.

Asiyejua kuandika bado achore kwanza, halafu muulize, “Huyu anasemaje?” Umwandikie vile vile alivyotamka, Kiamu chake, lahaja ya Lamu, usikisanifishe.