Barua kwa Mwanangu: Zamu za Mama Yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Nilipomsomea ujumbe wako aliinua dole gumba la mkono wa kushoto, na unajua tangu kiharusi kimpige hilo ndilo neno lake kubwa.

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini nimemrudisha kwao yule dada uliyemtuma aje kumhudumia mama yako, na kama huyo hafai, ukatafute mtu wa namna gani. Kwenye simu nilikujibu kwa mkato, nikasikia sauti yako imebadilika. Ulitoa hela yako, ukahangaika na dalali ukiwa huko Dodoma, halafu baba anasema hapana bila maelezo. Naomba radhi kwa hilo, mwanangu. Maelezo ndiyo haya.

Dalali alikwambia ana miaka 20. Nilipokaa naye jikoni tukinywa chai aliniambia amemaliza darasa la saba mwaka jana. Nikamuuliza mwaka wa kuzaliwa, akautaja, nikahesabu: miaka 15. Huyo mtoto, mwembamba kama ufito, ndiye tuliyetaka amnyanyue mama yako usiku wa manane. Siku ya pili alimlisha uji akiwa amelala chali. Alimlisha kwa upendo kabisa, huku anamwita bibi, lakini mama akapaliwa hadi macho yakamtoka. Kesho yake alimvuta kwa mkono wa kulia, ule uliopooza, ili amketishe. Mama yako hakupiga kelele. Machozi tu yalimshuka. Sikumlaumu yule binti hata kidogo, maana hakuna aliyemfundisha, na kwa umri wake hakupaswa kuwa kwenye kazi hiyo. Nikampigia mama yake kule Kwimba, nikamlipa siku zake, nikampa nauli na kumsindikiza mwenyewe hadi stendi.

Kosa lilikuwa letu. Tulitafuta mtu kabla hatujaijua kazi.

Unakumbuka nilivyokuwa natoka jioni kwenda melini, safari ya Bukoba, narudi macho mekundu? Miaka yote ile ndani ya chumba cha injini sijawahi kumwona fundi aliyekesha na mashine safari nzima peke yake. Tulikuwa na zamu. Ukimaliza zamu yako unaandika kwenye daftari: mafuta kiasi gani, joto la injini kiasi gani, nini kimelia vibaya. Anayeingia anasoma kwanza ndipo anashika kazi. Chuma kile kiliwekewa watu wa kupokezana, halafu mama yako, mwenye mwili wa nyama na damu, tunataka mtu mmoja amwangalie usiku na mchana, siku saba kwa wiki, na apike na afue.

Basi nilinunua daftari. Siku nne mfululizo niliandika kila kitu saa kwa saa. Saa 11 alfajiri, kumbadilisha nepi na kumgeuza. Saa 1, kuoga, saa nzima nzima inakwenda hapo. Saa 2, uji na dawa ya presha. Saa 3, mazoezi ya mkono na mguu, kama tulivyoelekezwa na mtaalamu wa viungo pale Bugando kabla hajaruhusiwa. Kuanzia saa 5 mpaka saa 10 jioni ananihitaji kidogo tu: maji ya kunywa, kumsogeza kivulini, redio. Jioni kazi inarudi. Usiku naamka saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, kwa sababu upande mmoja haujigeuzi wenyewe, na akilalia sehemu moja muda mrefu ngozi inakufa. Nilipoona daftari lile nikaelewa kwa nini mgongo wangu unaniuma, na nikaelewa tunahitaji nini: mtu wa asubuhi mwenye mikono inayojua, na mwingine wa usiku, siku tatu kwa wiki, ili nami nilale. Mchana namweza mwenyewe. Wala sitaki kunyang'anywa mchana wangu na mke wangu.

Ulisema labda uajiri nesi kabisa. Kuna kazi za aina tatu hapa ndani, na watu huzichanganya. Kupika, kufua na kwenda sokoni ni kazi ya dada wa nyumbani. Kuogesha, kuvisha, kulisha, kugeuza na kutembeza ni kazi ya mhudumu wa mgonjwa, mtu aliyefundishwa au aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu. Kuchoma sindano, kusafisha kidonda kirefu, mpira wa mkojo au wa kulishia puani, hiyo ni ya muuguzi mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na usione haya kumwomba akuonyeshe leseni yake. Mama yako hana mpira wala kidonda, Mungu ashukuriwe. Vidonge vyake navipanga mimi kila Jumapili kwenye kile kiboksi chenye siku saba ulichoniletea. Kwa hiyo nesi wa kutwa ungemlipa akae tu. Hela hiyo igawe, uwalipe vizuri hawa wawili.

Sasa, kumjuaje anayefaa. Nimeona watu watano wiki hizi tatu. Cheti ni kizuri, na waliosoma huduma ya kwanza nawapa alama yao, ila cheti nakisoma baada ya kuangalia mikono.

Wa kwanza aliingia akanisalimia mimi, akaniuliza mshahara, akaniuliza "mgonjwa anaelewa?" mama yako akiwa mita moja kutoka hapo. Nilimpa soda, tukaagana.

Wa pili alikuwa kijana wa kiume, mwenye nguvu na adabu, na kwa kweli mimi nilimpenda, maana ngazi zetu za mawe hapa mlimani zinataka mtu wa kubeba. Nikamuuliza mama. Akashika khanga yake kifuani kwa mkono wa kushoto, akaikaza. Sikuuliza mara ya pili. Kijana nimemwomba awe anakuja siku za kliniki tu, kumshusha hadi barabarani, na hilo mama amelikubali.

Wa tatu alijua kazi. Lakini nilimuuliza swali ambalo nakuomba ulikumbuke hata kwa wazee wengine: "Akianza kuongea peke yake usiku, au akuite kwa jina la mtu aliyekufa, utasema nini?" Akacheka kidogo, akasema wazee wengine wana mambo yao, na akatazama macho ya mama. Mwanangu, mimi nimezaliwa Usukumani. Bibi zetu wamekatwa mapanga katika nchi hii ya ziwa, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu ule ulitokana na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Mzee anayesahau, anayeamka usiku akizunguka, anayezungumza na marehemu, anaumwa. Ubongo wake umeguswa na ugonjwa. Mtu asiyeliamini hilo kwa moyo wote sitamlaza chini ya paa moja na mama yako hata awe na vyeti kumi, kwa sababu neno moja tu akilitoa kule kisimani linaweza kufika mbali kuliko tunavyoweza kulifuata.

Wa nne hatukuelewana siku.

Wa tano ni mama wa makamo kutoka Igoma. Alimuuguza mama yake mzazi Magu miaka minne, halafu akamhudumia mzee mmoja Nyakato mpaka alipofariki. Alipoingia alivua ndala mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa mama, akachuchumaa macho yao yakalingana, akasema, "Shikamoo mama." Kisha akanyamaza. Unajua inavyomchukua mama yako muda kulitoa neno. Mimi mwenyewe huwa namkatisha nikimsaidia. Yule mama alisubiri. Nilihesabu pumzi kama sita, ndipo "marahaba" ikatoka, nusu yake imepinda, lakini imetoka.

Nikamwomba ambadilishe blauzi. Alianza kuvua upande wa mkono mzima, wa kushoto, kisha akaitelezesha nguo kutoka ule mgonjwa. Alipomvisha ile safi alianza na mkono mgonjwa, akiushika kwa chini kwenye kiwiko na kiganja, kama unavyobeba mtoto mchanga. Hakuna mahali alipovuta. Alipomlaza ubavu alimwangalia visigino, nyonga na pale juu ya makalio, akapabonyeza kwa kidole palipokuwa na wekundu kuona kama rangi inarudi. Ikarudi. Akasema, "Hapa bado ni pazima, tupaangalie." Chakula alimpa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, akisubiri ameze, kisha akamchungulia shavu la kulia kama kuna ugali umebaki. Akamwacha ameketi nusu saa kabla ya kumlaza.

Nilimuuliza, "Akianguka?" Akasema hatamwinua kwa pupa, atamuuliza anaumwa wapi, ataangalia kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umepinda nje, na atapiga kelele aje mtu. "Na mdomo ukienda upande zaidi ya ulivyo sasa, au ashindwe ghafla kunyanyua mkono wa kushoto?" Akajibu, "Hapo ni hospitali, baba, sisubiri asubuhi." Nikamuuliza na akikataa kula. "Namwacha kidogo, nakwenda naye kwenye kitu anachokipenda." Ameshajua ni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga mpaka ikalainika kabisa. Hilo hata wewe umelisahau.

Sikumwajiri siku ile. Nilipiga simu kwa familia ya Nyakato. Sikuwauliza kama ni mtu mzuri, maana kila mtu husema ndiyo. Niliuliza: aliondoka kwa nini, alikuwa akichelewa mara ngapi, na kama wangekuwa na mgonjwa tena leo wangemwita? Binti wa mzee yule akanyamaza, kisha akaniambia huyu mama ndiye aliyemfumba baba yake macho. Basi nikaomba nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake, nikaenda mwenyewe kuiulizia, tukamlipa siku tatu za majaribio. Mimi nilikaa chumba cha pili, nikisikiliza. Mama yako siku ya tatu alimwinulia dole gumba.

Kuhusu malipo, nisikilize vizuri, kwa sababu dalali alikutajia bei ya aibu. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 ilitaja 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala ndani na 120,000 kwa anayerudi kwake. Hicho kilikuwa kima cha chini cha wakati huo, kiwango ambacho haikuruhusiwa kulipa pungufu yake; ulizia amri inayotumika sasa. Anayebeba mwili wa mzazi wako mlipe zaidi ya hapo, na umlipe tarehe ileile kila mwezi. Nimeandika mkataba, nakala mbili, kila mmoja na yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu yeye kama ilivyonihusu mimi melini: saa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. NSSF tutamwandikisha. Ukitaka kuelewa zaidi, CHODAWU ni chama chao cha wafanyakazi, na hapa Mwanza kuna WoteSawa wanaotetea wafanyakazi wa nyumbani. Heri uwasikilize hao kuliko dalali.

Kadi ya benki ya mama na namba ya siri ya simu yake ninazo mimi, na hapewi mtu. Namwamini huyu mama, ila majaribu hayo hatumwekei. Hela ya nepi na sabuni inaandikwa kwenye daftari, na risiti inabanwa hapohapo. Kamera uliyoitaja, kama unaitaka sana, ifungwe sebuleni na yeye ajue ipo. Chumbani hapana. Mama yako anaogeshwa mle.

Najua kuna shangazi zako watakaosema mzee katafutiwa mtu baki wakati ana watoto. Waache waje kwangu niwaonyeshe daftari, ukurasa wa saa 8 usiku.

Wa usiku ameshapatikana, binamu wa huyuhuyu, naye tunaanza majaribio Jumatatu. Wewe nitumie shuka mbili za pamba, nepi za watu wazima za saizi ya kati, na namba yako niwape wote wawili. Ukiwapigia, anza kwa kuwajulia hali wao na watoto wao, ndipo umuulize mama.

Na jambo la mwisho. Kwenye mkataba tumeandika siku 14 za kwanza za likizo ya huyu mama wa Igoma ziwe Desemba, kuanzia tarehe 15. Omba ruhusa kazini mapema. Nitakufundisha kumvisha kabla hajaondoka, na daftari utalikuta juu ya kabati. Zamu hiyo nimeiandika kwa jina lako.

Baba yako,
Mwanza