Epoksi au silikoni kwa bodi ya pampu ya sola?

Kaka, bodi ya saketi inayokaa kwenye boksi juani huko Kitengela usiifunike kwa kuimwagia epoksi ngumu, ile resini inayoganda kama plastiki. Epoksi hujikaza ikiganda, na joto la mchana na baridi ya usiku vikibadilishana, inazivuta kapasita ndogo za seramiki hadi zipasuke. Isitoshe, ukitaka kubadilisha hata transista moja baadaye, bodi nzima imekwisha.

Tafuta silikoni laini ya sehemu mbili, ya kumwagia vifaa vya umeme. Ile ya bafuni inayonuka siki achana nayo kabisa! Asidi yake inakula shaba.

Osha mabaki ya fluksi (utomvu wa kulehemia) kwa alkoholi ya isopropili, kisha kausha bodi kwa 60°C, saa moja hivi. Pima kwa mizani ya gramu kufuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usikisie kwa macho. Koroga polepole ukikwangua kingo za chombo, umwagie pembe moja ili hewa itoke. Kama ni silikoni ya platinamu (inayogandishwa kwa kichocheo cha platinamu), usivae glavu za mpira asilia: salfa yake huizuia kuganda, na itabaki ikinata tu. Vaa za naitrili.