Maoni ya PDF hayatoki kwenye karatasi

SWALI: Nasimamia tafiti za wanafunzi. Naandika maoni kwenye PDF kwa Adobe Acrobat Reader, lakini mwanafunzi akienda kuchapa steshenari, inatoka alama ndogo ya njano tu, maneno hayapo. Nifanyeje?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Maneno yamo ndani ya kidirisha kinachofunguka ukibonyeza ile alama, na karatasi haibonyezwi. Kwa maoni mafupi, achana nayo. Tumia kisanduku cha maandishi, ambacho maneno yake hukaa juu ya ukurasa wenyewe. Andika pambizoni, herufi za ukubwa wa 9 au 10. Rangi iwe nyekundu iliyoiva: mashine ya nyeusi na nyeupe huifanya njano ififie kabisa.

Kama umeshajaza alama za njano, usianze upya. Bonyeza Ctrl na P, kisha kitufe cha "Summarize Comments", ambacho hukutolea maoni yote kwa maandishi, ukurasa kwa ukurasa. Kwa visanduku, kwenye "Comments & Forms" chagua "Document and Markups". Ikibaki "Document", hata visanduku havitoki, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ila steshenari huenda wakafungua faili kwa programu nyingine isiyo na chaguo hilo. Basi chapa wewe kwanza, ukichagua printa ya "Microsoft Print to PDF" kwenye Windows. Maneno ya visanduku yatagandamana na ukurasa. Mpe mwanafunzi nakala hiyo. Faili ya awali itunze, maana kwenye nakala iliyogandishwa huwezi tena kurekebisha maoni.