Kiuno kuuma kwenye mashine ya makasia

Mkuu, umeuliza kwa nini kiuno kinakuuma kila ukishuka kwenye mashine ya makasia, ile ya gym unayokaa na kuvuta mpini kama unayepiga makasia, wakati uliifuata ili uimarishe mgongo. Mimi nafanyia mazoezi hapa Moshi, na kosa ninaloliona kila jioni ni lile lile: mtu anaupinda mgongo kama anayepalilia migomba, halafu anavuta kwa mikono na kiuno.

Anza na miguu. Sukuma kwa nyayo huku mikono imenyooka. Miguu ikikaribia kunyooka ndipo uegemee nyuma kidogo kuanzia kwenye nyonga, na mwisho kabisa vuta mpini hadi chini ya kifua. Hapo ndipo mgongo wa juu unafanya kazi: makombe ya mabega yasogeleane, mabega yasipande masikioni. Kurudi ni kinyume: mikono, kiwiliwili, kisha magoti. Ukikunja magoti mapema mpini utayagonga, utajua tu.

Kama ni mashine ya feni, ile namba ya pembeni, 1 hadi 10, watu wanadhani kuweka 10 ndiyo ushujaa. Inaongeza tu hewa inayoingia kwenye feni. Ugumu unauleta mwenyewe kwa kusukuma. Weka 3 hadi 5, mivuto kama 20 kwa dakika, dakika 5, pumzika, rudia.

Ukitaka mgongo mpana, ongeza kujivuta juu ukiwa unaning'inia kwenye bomba, maana makasia hujenga pumzi zaidi. Maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, acha mashine, nenda hospitali.