Unasoma kompyuta Dar? Tafuta wa kukaa naye kabla ya chumba

Chuo kikikaribia kufunguliwa, wadogo zangu wa mwaka wa kwanza huniuliza wanunue laptop gani. Nami huwauliza: utakaa na nani? Kwa anayesoma kompyuta, hilo ni zito kuliko RAM, yaani kumbukumbu ya laptop.

Marekani kuna vyuo vinavyowaweka wanafunzi wa fani moja kwenye bweni moja makusudi, waishi na kusoma pamoja. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilijaribu kitu cha namna hiyo tangu 1927. Hapa kwetu, ukipata kitanda kwenye mabweni ya chuo, Mabibo au Magufuli, wenzako wa chumbani wanaweza kuwa wa sheria au ualimu. Watu wazuri, ila saa sita usiku programu ikigoma huna wa kumuamsha.

Basi jipangeni wenyewe. Mimi nilisoma ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), pale Kijitonyama, tukapanga nyumba Sinza watu wanne, mmoja akiwa ametutangulia mwaka. Huyo aliyewatangulia msimkose.

Usiku mmoja programu ya mwenzetu, aliyoiandika kwa lugha ya C, ilikuwa inatoa majibu ya ajabu. Kaka yetu, yule aliyetutangulia mwaka, hakugusa kibodi. Akamwambia, "Hebu nisomee kwa sauti, mstari kwa mstari." Mwenzetu alipofika penye orodha ya alama za wanafunzi 10, akanyamaza. C huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo wa mwisho ni namba 9. Yeye alikuwa anaenda mpaka 10, anasoma kumbukumbu isiyo yake. Sisi wengine tulikuwa tunachambua dagaa pembeni, na somo likatuingia sote.

Iwekeni sheria hiyo: eleza, usiguse kibodi ya mwenzako. Bila hivyo geto linageuka kijiwe cha kukopiana asaimenti, na chumba cha mtihani hamuingii na kaka.

LUKU iwe kwa zamu, bando la ruta mchangie, na chumba kimoja kiwe cha kulala tu. Kina dada, angalieni sana nyumba iliyo karibu na barabara yenye taa, kwa sababu mtatoka maabara giza limeingia.

Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Kubalianeni mapema, tena kwa maandishi, mmoja akihama katikati nani atajaza nafasi yake.