Petronas ilishinda kihalali, ncha inahesabiwa

Hapana ndugu, unasema Chicago waliibiwa pale minara ya Petronas ya Kuala Lumpur ilipochukua taji la jengo refu kuliko yote duniani kutoka kwa Sears yao (sasa inaitwa Willis), lakini hawakuibiwa. Ncha ya jengo inahesabiwa, antena haihesabiwi, hiyo ndio sheria ya CTBUH wanaopima maghorofa dunia nzima, kwa sababu ncha imechorwa na msanifu kama sehemu ya jengo lakini antena ni kifaa tu kinaweza kutolewa kesho. Kwa hiyo Petronas mita 452, Sears mita 442, hata kama Sears na antena zake inagusa 527 na ghorofa yake ya juu wanayokaa watu iko juu kuliko ya Petronas.

Mimi nachora majengo hapa Kampala na nakwambia ncha inadanganya jicho kabisa, jengo likipungua kidogo kidogo mpaka kuwa nyembamba jicho linaendelea kupanda tu halioni pa kusimama. Chukua picha ya Chrysler ya New York, ile ncha ya 1929 waliyoiunganisha kwa siri ndani ya jengo ndio ikalifikisha mita 319, sasa ifunike na kidole gumba uone, jengo linakuwa fupi nene. Jicho linadanganywa pia na majengo yetu ya kilima cha Nakasero, yana paa bapa bila ncha lakini yanaonekana marefu ukiwa chini mjini, ni kilima kinayabeba.

Ila ukitaka urefu wa kutumika uliza ghorofa ya mwisho iko wapi, Burj Khalifa ina mita 828 lakini zaidi ya 240 za juu hakai mtu.